Baba, Lulu Alitembea Bila Chuma

Kwezi, Baba.

Hukuwa na desturi ya kuitikia nilipokuamkia, kwa hiyo sitaona ajabu ukinyamaza leo pia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyonifundishia kusoma. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, na mbele ya Mfaransa uliyemtumikia ulisema Kifaransa cha kuinamisha kichwa. Kiswahili ulitoka nacho Unguja, ulikojifunza ufundi wa farasi ukiwa kijana, na ulikitumia kwa mambo mawili tu: vitabu vya dini na matusi ya bandani. Mimi nilikiokota hapo katikati.

Naiandika wazi, aisome anayetaka. Mwezi uliopita mzee mmoja wa Majunga alikuja hapa Marodoka, kisiwani Nosy Be, kwa arusi. Aliposikia mimi ni binti wa nani, alinishika mikono yote miwili mbele ya watu. "Binti wa Fundi Bakari! Yule bwana aliwapenda farasi kuliko nafsi yake!" Wanawake wakaitikia, mashallah, mashallah. Mimi nikatabasamu. Nimetabasamu hivyo miaka mingi kwa ajili yako, Baba, na mashavu yamechoka.

Basi tuanze pale ambapo hupendi.

Baada ya zile siku mbaya za Majunga, mwishoni mwa miaka ya sabini, watu wetu walipouawa mitaani, Wakomoro waliosalimika walikuwa wanaondoka kwa makundi. Sisi tulifichwa na watu wa Belobaka, nje ya mji, kwa kuwa walitujua kwa ajili ya farasi. Mfaransa mwenye shamba alikuwa ameshakwenda zake, amekuachia banda, mkokoteni na farasi wanne. Mama alifunga vitu vyake katika shiti moja, akamshika Hadidja mdogo wangu, akasimama mlangoni akikuomba uniruhusu niende nao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa unapaka hatamu mafuta. Hukuinua kichwa.

"Farasi ni wanne," ulisema. "Mimi nina mikono miwili."

Hilo tu. Mama aliondoka akitembea kinyumenyume mpaka kwenye njia. Sikumwona tena. Alifia Moroni mwaka wa tatu, na habari ilipofika uliniambia nikamalize kuchota maji kwanza, ndipo nilie.

Nilibaki nikawa mikono yako mingine miwili. Nilibeba nyasi, nilizoa mavi, nilishika kamba. Siku za kazi farasi walivuta mkokoteni wa mkaa na magunia ya mchele kutoka Belobaka hadi mjini, na Jumapili wawili kati yao walibeba watoto wa wenye uwezo kando ya bahari. Jioni ulikaa barazani na wazee ukieleza ulivyowavisha viatu farasi wa mabwana wakubwa wa Unguja. Ulieleza vizuri. Nami nilikuwa nakupenda, ujue. Siandiki haya kama mtu ambaye hakukupenda.

Kisha vyuma vikaisha. Nchi nzima vitu viliadimika: sabuni, mafuta ya taa, hata sindano. Nani angeagiza viatu vya farasi na misumari yake? Ulivyokuwa navyo vikalika mpaka vikawa vyembamba kama sarafu. Mtu mwingine angejiuliza kama farasi hawezi kuishi bila chuma. Wewe ulikwenda kwa mtengeneza magari, ukaomba vipande vya springi kuukuu, ukavifua. Na kwa seremala ukaomba misumari ya kupigilia mbao.

Nilimshika Lulu siku hiyo. Wakumbuka? Farasi jike wa kijivu, mwenye doa jeupe puani. Mfaransa alimwita kwa neno la kwao lenye maana hiyo hiyo, wewe ukaligeuza, na hilo ndilo jambo la pekee la upole nililoona ukimfanyia. Ulimfunga mdomo wa juu kwa kamba na kijiti, ukakizungusha kijiti mpaka macho yakamtoka, ili maumivu ya mdomo yamsahaulishe mguu. Msumari wa tatu uliingia ndani, kwenye nyama hai. Nilijua, kwa maana mwili wake wote ulitetemeka kama mtu mwenye homa. Akautoa mguu mikononi mwako kwa nguvu. Ukaokota koleo ukampiga nalo usoni, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha ukaurudia mguu ule ule na kumalizia kazi.

"Baba, umemchoma," nilisema.

"Nimemvisha. Kesho atavuta."

Kesho yake alivuta. Keshokutwa alichechemea. Siku ya nne nilishika ukwato wake na ulikuwa wa moto kama chungu kilichotoka jikoni. Nilikuja kukuambia ukiwa unakula.

"Baba, ukwato una moto."

"Moto uko kichwani mwako. Nenda ukamfunge kwenye mkokoteni."

Wiki hiyo ulivuka ghuba kwenda Katsepy kumzika rafiki yako, na pantoni ikaharibika, ukakaa huko siku tano. Nilimtafuta Razafy. Wewe ulimdharau: mtu wa nyanda za juu, aliyewahi kutunza farasi wa jeshi, sasa mganga wa ng'ombe anayejitegemea pale njia panda, kinywa kinanuka pombe kabla ya jua kupanda. Alikuja akachutama, akaunusa ukwato wa Lulu, akanicheka usoni.

"Baba yako ni fundi wa chuma," alisema. "Lakini farasi si mlango."

Aling'oa misumari mmoja mmoja. Wa tatu ulipotoka, ulifuatwa na usaha mweusi ulioruka mpaka kwenye mkono wangu. Lulu alishusha pumzi, Baba, pumzi ndefu, akauweka mguu chini kwa mara ya kwanza baada ya siku sita. Razafy akafungua tundu kwa ncha ya kisu usaha upate njia, akaniagiza niuloweke mguu katika maji ya moto yenye chumvi asubuhi na mchana, kisha niufunge kwa pumba na gunia safi. Halafu aliniangalia kwa dharau yake ile ile. "Na miguu mitatu iliyobaki? Unataka tuisubiri ioze nayo?"

Nilisema, vua vyote.

Nilijua nilichokuwa nafanya. Usije ukamlaumu Razafy huko mliko.

Alinifundisha siku tatu, akinitukana kama wewe, lakini matusi yake yalikuwa na maana ndani yake. Ukwato ni kama ukucha, alisema, hukua kila siku hata ukiwa umelala, na asiyeukata anamvisha farasi viatu virefu kuliko mguu wake. Kila baada ya wiki tano au sita upunguze kwa tupa, usingoje uvunjike. Ncha ya mbele isirefuke, visigino visipande juu, ukingo uwe mviringo ili jiwe lisiubandue. Wayo usiuchongechonge kwa kutaka usafi. Ulivyo mgumu ndivyo unavyomlinda. Ile nyama ngumu ya pembetatu katikati ndiyo mto wake wa kukanyagia, iache iguse ardhi, lakini uchokoe uchafu wa pembeni yake kila siku, kwa kuwa uozo huanzia hapo. Na asilale kwenye mkojo. "Sakafu yenu," alisema Razafy, "ni choo." Nilizoa tope lote la bandani, nikatandaza kokoto na mchanga mkavu.

Ulirudi mchana wa siku ya tano. Uliona viatu vinne vimepangwa juu ya ukuta. Hukupiga kelele. Ningetamani ungepiga.

"Nani kamvua?"

"Mimi."

"Kwa hiyo kiatu si kitu."

"Si kitu kikimuumiza, Baba."

"Basi vua vyako."

Nilidhani nimesikia vibaya. Ukaonyesha ndala zangu kwa kidole. Nikazivua. Ukazitia kwenye mkokoteni, ukamfunga farasi mwingine, ukapanda juu, ukaniamuru nimshike Lulu hatamu na kutangulia mbele yako mpaka mjini. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa kumi, wakati ardhi ya Majunga inapasuka kwa kungoja mvua. Ile barabara unaijua: lami iliyokwisha, changarawe nyekundu, vipande vya chupa.

Sitaki kuieleza hatua kwa hatua. Nitasema tu kwamba wayo wa mtu hupata malengelenge kwanza, kisha malengelenge hupasuka, kisha mtu huacha kuchagua pa kukanyaga. Lulu hakuwa tayari. Farasi aliyevaa chuma miaka yote akivuliwa leo, kesho hawezi mawe. Anahitaji mchanga kwanza, kisha udongo mgumu, kisha ndipo kokoto, na miezi ya kungoja. Wewe hukungoja. Alitembea kama anayekanyaga mayai, akiniegemeza kichwa begani, na nyuma yetu nilisikia magurudumu yako, taratibu, bila haraka.

Penye vibanda vya kuuza mihogo mwanamke mmoja aliacha biashara yake akatukimbilia. "Fundi! Huyu si ni mwanao?"

"Ndiyo maana," ulimjibu.

Watu walisimama kando ya njia. Baadhi walicheka. Mtu mmoja aliuliza kwa Kimalagasi kama nimeiba. Nilipofika soko la mjini nyayo zangu ziliacha alama kwenye saruji, na alama za Lulu zilikuwa pembeni yake, nyekundu kama zangu. Ulinirushia ndala zangu. "Sasa umejua chuma ni cha nini," ulisema. Ukaingia mkahawani kunywa chai.

Baba, mimi nilijua jambo lingine. Nilijua kwamba nitamfanya farasi huyu atembee, hata ikiwa ni kwa ajili ya kukuaibisha tu. Sikuwa mwema. Watu husema nilikuwa na huruma kwa wanyama. Nilikuwa na hasira.

Ukanipa muda mpaka mvua ziishe. Lulu asipotembea sawasawa mvua zikikatika, ulisema, anakwenda kwa mchinjaji. Basi wiki mbili zote za kwanza, huku mimi mwenyewe nachechemea kwa kisigino, niliendelea kumlowesha mguu, kumfunga, kumchokoa uchafu. Mvua zilipoanza nilimtembeza mchangani, dakika chache, kisha zaidi. Kila wiki ya tano nilimkata. Tupa ilikuwa yako, nimeiiba kwenye sanduku lako, nawe ulijua ukaniacha ili uone nitashindwa wapi.

Nilikuwa nafuatilia matundu ya misumari. Ukwato unaota kutoka juu, penye manyoya, ukishuka chini, kwa hiyo matundu uliyotoboa yalikuwa yanashuka nao, mwezi hadi mwezi. Juu yake ukatokea ukuta mpya, mnene, bila ufa hata mmoja. Mvua zilipokatika, matundu yalikuwa yamefika ukingoni. Nililikata la mwisho asubuhi moja nikiwa peke yangu, kipande chenye tundu kikaanguka chini, nikakikanyaga.

Ulitoka, ukasema tuone. Nilimtembeza kwenye kokoto mbele ya banda, nikamgeuza, nikamkimbiza. Miguu minne ilisema kitu kimoja: tak, tak, tak, tak. Wazee wako wa barazani walikuwapo. Mmoja alisema, "Bakari, mtoto amekushinda." Ulinigeukia. Nilidhani, na hapa ndipo ninapojionea aibu mpaka leo, nilidhani utasema neno jema.

Ulisema, "Vizuri. Mzima huuzwa vizuri kuliko mgonjwa."

Ukamuuza kwa Abdallah wa Marodoka, mfanyabiashara mjane aliyekuwa akitafuta mnyama wa kubebea maua ya langilangi, yale ya kukamulia manukato, huko Nosy Be. Na kwa kuwa alikuuliza ni nani atakayezitunza kwato zake kisiwani, ukamwoza na mimi. Nililijua hilo siku ya Alhamisi. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Nilipokuuliza kwa nini, ulikuwa na jibu tayari, na ulilitoa kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya nyasi: "Hutaki kutengana naye. Nimekufanyia hisani."

Tulisafiri mimi na Lulu kwenye meli moja ya mizigo, yeye amefungwa kati ya magunia ya vitunguu, mimi nimekaa miguuni pake na hina mikononi. Hukuja bandarini.

Nitakwambia ukweli mmoja utakaokuudhi: Abdallah hakuwa mbaya. Alikuwa mzee kwangu, mkimya, mwenye kikohozi. Siku ya kwanza niliona farasi wake wawili wengine wanalishwa majani na mabaki ya miwa, kwato zao zina mikunjo kama pembe za ng'ombe, wanaumwa miguu kwa sababu ya utamu. Nikamwambia, miwa ikome leo. Akasema, "Wewe ndiye mwenye kujua." Baba, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno hayo.

Lulu alibeba maua miaka mingi, asubuhi kutoka mashambani hadi kwenye mtambo wa mafuta, kwenye njia za mawe, bila chuma. Alizeeka akafa amelala kivulini, na kwato zake nilikuwa nimezikata siku tisa kabla. Kufikia hapo watu wa kisiwa chote walikuwa wananiletea wanyama wao. Wageni walipoanza kuja kwa wingi kupanda farasi ufukweni, kazi iliongezeka. Waliniita dokotera soavaly, daktari wa farasi. Nilikuwa na kalenda ukutani: farasi wa nani, wiki gani. Sikumchelewesha mnyama hata mmoja.

Wale watatu uliobaki nao Belobaka uliendelea kuwapigilia misumari. Nilipata habari zao, mmoja baada ya mwingine. Sitazirudia.

Sasa nafika kwenye sehemu yangu.

Ulikuja Marodoka miaka ya tisini, bila taarifa, na mfuko mmoja. Hukuwa na farasi tena. Uliketi kwenye benchi la uani kwangu, mahali wanapokaa wanaongoja zamu, ukavua kiatu cha mguu wa kulia. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umerefuka ukajikunja ndani ya nyama. Una sukari, ulisema, macho hayaoni vizuri, huwezi kujikata, na mguu umekufa ganzi huusikii.

"Niangalie mguu," ulisema.

Nilikuwa nimeshika tupa. "Nina farasi watano leo," nilikujibu.

Ilikuwa kweli. Nikawakata wote watano mbele yako, bila haraka. Nilichukua kila mguu gotini kwangu, nikauchokoa, nikaupunguza, nikaulainisha ukingo, nikasema na mnyama kwa upole wa ziada ili usikie. Walipoondoka nikanawa mikono, nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Ulikaa tu pale benchini, umenyoosha mguu, ukiwafukuza inzi kwa kofia.

Nilikuwa nimekupita karibu, Baba. Siku ile ya kwanza. Harufu ya uozo naijua. Ni kazi yangu kuijua. Farasi akiingia uani nayo, namtambua kabla hajasimama. Nilijua siku ya kwanza, nikachagua kutojua mpaka siku ya tatu, Abdallah alipoinama kukupa chai akaona, akapiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Hospitali ya Hell-Ville, mji wa kisiwa chetu, walituambia tuvuke kwenda Majunga. Huko walikukata mguu chini ya goti. Nilikaa nawe siku mbili. Uliamka mara chache. Mara ya mwisho ulikuwa na akili zako kamili, jua limeingia dirishani, na ulinitazama kama mtu anayetafuta jina.

"Farasi hawajambo?" uliuliza.

"Hawajambo."

Ukafumba macho. Nilidhani umelala. Kisha ukauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, "Na wewe?"

Miaka yangu yote hukuwahi kuniuliza hivyo. Hata siku ile mjini, na nyayo zangu zimechanika. Nilikusikia vizuri kabisa. Nilikunja shuka lako, nikachukua mkoba wangu, nikatoka bila kujibu, nikapanda meli kurudi Nosy Be, kwa kuwa kulikuwa na farasi wawili ambao wiki yao ilikuwa imefika. Ulikufa siku nane baadaye. Wanaume walikuosha, wakakuzika, wakakusifu.

Sikuombi radhi, Baba, na yangu sikupi. Nimekuandikia kwa sababu yule mzee wa arusini, baada ya kukusifu, aliniuliza kwa adabu za watu wa kwetu, "Nawe, binti, hujambo?" Nikashindwa kumjibu. Sasa nimezeeka. Magoti yamekwisha kwa kuchutama, Abdallah amekufa, na kila asubuhi namwamkia kila mtu vizuri, lakini wakiniuliza swali hilo moja nageuza mazungumzo.

Jibu ni hili: sikuwa mzima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilimtaka mama yangu.

Lala, Baba. Leo sina la zaidi.

Mimi mwanao,
uliyenibakiza ili nikushikie kamba.